Afrika Kusini na hatua ya mtoano: je, Kombe la Dunia la 2027 litakuwa tofauti?

Mpira_Mpya aliuliza:

Wanajamvi, salaam. Kombe la Dunia la kriketi la ova 50 (ova moja ni mipira sita) la mwaka 2027 litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, na mimi ni miongoni mwa watu waliojiapiza zaidi ya mara moja kwamba hawataishabikia tena Afrika Kusini, kisha mashindano yakianza wanajikuta wameketi palepale. Timu hii ilifika nusu fainali ya mashindano haya mwaka 1992, 1999, 2007, 2015 na 2023, na mara zote tano iliishia hapo. Katika makundi huwa inatisha. Ikifika mahali ambapo anayeshindwa anafunga mizigo, inakuwa timu nyingine kabisa.

Swali langu ni hili: tukichukulia kwamba watavuka hatua za mwanzo, jambo ambalo silioni kuwa gumu kwao wakiwa nyumbani, wana nafasi gani katika nusu fainali? Je, tatizo lao ni presha, kama inavyosemwa tangu mvua ya Sydney, katika nusu fainali ya 1992 dhidi ya Uingereza, ilipowaachia deni la mikimbio (yaani pointi) 22 kwa mpira mmoja, au ziko sababu za kiufundi ambazo kocha anaweza kuzirekebisha? Naomba hoja, si kejeli kwa wachezaji.

Mlinda_Wiketi alijibu:

Ndugu mleta mada, nianze na sahihisho dogo. Ubao wa uwanja wa Sydney ndio ulioonyesha 22. Deni halisi lilikuwa mikimbio 21. Kabla ya mvua walihitaji 22 kwa mipira 13, na kanuni ya wakati ule iliondoa zile ova ambazo timu iliyopiga kwanza ilipata mikimbio michache zaidi, kwa hiyo ova mbili zilipokatwa, deni lilipungua kwa mkimbio mmoja tu. Ilikuwa kanuni mbovu, na hesabu ya Duckworth na Lewis, ya kupanga upya lengo mvua ikikatiza mechi, iliyoanza kutumika mwaka 1997, ilikuja kuziba pengo hilo. Hata hivyo watu husahau kwamba Afrika Kusini yenyewe ilikuwa imejivuta katika urushaji kiasi kwamba Uingereza ilipiga ova 45 badala ya 50. Sioni presha hapo.

Nusu fainali ya 1999 pale Edgbaston dhidi ya Australia ni kesi nyingine kabisa. Ova ya mwisho, mikimbio tisa inahitajika, wiketi imebaki moja (wiketi huanguka kila mpigaji anapotolewa). Lance Klusener anaipiga mipira miwili ya kwanza ya Damien Fleming hadi mpakani, nne na nne, na hesabu inakuwa sawa kwa sawa, 213 kwa 213. Mkimbio mmoja, mipira minne. Katika mpira wa tatu mwenzake Allan Donald anaponea chupuchupu kutolewa akiwa ametoka nje ya mstari wake, na nadhani hapo ndipo mechi ilipoamuliwa, kwa sababu katika mpira wa nne alifanya kinyume: Klusener alikimbia, yeye akabaki anautazama mpira, gongo likamwanguka, na alipoanza kukimbia Waaustralia walikuwa wameshaupeleka mpira upande wa pili. Ikawa sare, na Australia wakapita kwa kuwa walikuwa juu katika jedwali la Sita Bora, hatua ya timu sita kabla ya nusu fainali. Walikuwa juu kwa sababu gani? Siku nne kabla, kule Headingley, Herschelle Gibbs aliudaka mpira wa Steve Waugh wa Australia kisha ukamponyoka alipokuwa akitaka kuurusha juu kwa furaha, na Waugh akamaliza na mikimbio 120 bila kutolewa. Leo sare ya nusu fainali huamuliwa kwa super ova, yaani ova moja ya ziada kwa kila timu, lakini somo la jedwali halijapitwa na wakati, hasa kwa kuwa mfumo wa Sita Bora unarudi mwaka 2027.

Nikiulizwa ugonjwa ambao umejirudia, nitataja wapigaji wa mwanzo. Mwaka 2007 dhidi ya Australia walikuwa 27 kwa wiketi tano (mikimbio 27, wapigaji watano wameshatolewa), wakaishia 149. Mwaka 2023 kule Kolkata, dhidi ya Australia haohao, walikuwa 24 kwa wiketi nne kabla David Miller hajawafikisha 212 kwa mikimbio yake 101. Kwa jumla hiyo ndogo, warushaji wao waliipeleka Australia hadi ova ya 48 na kuangusha wiketi saba. Timu iliyokabwa na woga haipigani hivyo. Mechi ilikuwa imepotea mapema, katika ova kumi na mbili za kwanza, mpira ukiwa mpya na mbingu imefunga, hali inayowasaidia warushaji, baada ya wao wenyewe kushinda kura ya shilingi na kuchagua kupiga.

Ova_ya_Mwisho alijibu:

Ninaheshimu takwimu za Mlinda_Wiketi, lakini amechagua mechi zinazomfaa. Mbona ameiruka robo fainali ya 2011 kule Dhaka? Walikuwa wanaifukuzia New Zealand iliyopata 221 tu, walikuwa 108 kwa wiketi mbili, na wakatolewa wote kwa 172. Hakukuwa na mpira mpya wala mbingu iliyofunga. Jacques Kallis alidakwa karibu na mpaka, na waliobaki wakaanza kuangukiana.

Fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 ya mwaka 2024 kule Bridgetown nayo ni hivyohivyo: mikimbio 30 kwa mipira 30, wiketi sita mkononi, Heinrich Klaasen bado yuko uwanjani, na bado India wakashinda kwa mikimbio saba. Timu yoyote hupata siku mbaya. Siku mbaya zinapochagua kuja katika wiki ya mwisho ya mashindano, miaka nenda miaka rudi, mimi siwezi kuiita bahati. Kwa mtazamo wangu wataingia nusu fainali ya 2027 wakiwa na mzigo ambao wapinzani hawana, na kucheza nyumbani kutauongeza, kwa sababu kila gazeti litachapisha upya picha ya Donald.

Krizi_ya_Kati alijibu:

Kuhusu Bridgetown, ningeomba tumtaje Jasprit Bumrah. Alitoa mikimbio 18 tu katika ova zake nne, na ova zake mbili za mwisho zilitoa sita kwa pamoja. Si kila anayeshindwa na mrushaji huyo ana ugonjwa wa moyo.

Kuhusu nyumbani, historia inasema mambo mawili. India 2011, Australia 2015 na Uingereza 2019 zote zilitwaa kombe zikiwa wenyeji, kwa hiyo mzigo huo unabebeka. Afrika Kusini yenyewe, ilipokuwa mwenyeji mwaka 2003, haikufika hata hatua ya Sita Bora. Mechi ya mwisho ya kundi, Durban, mvua inanyesha, Mark Boucher anampiga Muralitharan wa Sri Lanka sita na kuamini kwamba kazi imekwisha, kisha anauzuia mpira unaofuata bila kukimbia. Karatasi ya hesabu ya Duckworth na Lewis waliyokuwa nayo ilionyesha 229, ambayo ilikuwa alama ya sare. Ushindi ulihitaji 230. Wakatoka, na kutoka kundi hilohilo Kenya ikapita na kwenda hadi nusu fainali. (Sisi wa upande huu hatukulalamika sana siku ile.) Hilo lilikuwa kosa la kusoma karatasi, na makosa ya namna hiyo yana tiba.

Tena wapo wanaozungumza kana kwamba mwezi Juni 2025 haukuwepo. Katika fainali ya ubingwa wa dunia wa Test (mechi za siku kadhaa, zamu mbili kwa kila timu) pale Lord's walitolewa kwa 138 katika zamu ya kwanza, kisha wakafukuzia 282 dhidi ya Australia na kuzipata kwa wiketi tano zilizobaki. Aiden Markram alipata 136, na Temba Bavuma alipiga 66 huku msuli wa paja ukimuuma kiasi kwamba kila mkimbio aliuchechemea. Najua kwamba Test inatoa nafasi ya kujirekebisha ambayo ova 50 hazitoi. Lakini hoja ya kwamba wachezaji hawa hawajui kumaliza kazi kubwa haiwezi kusimama tena kama ilivyosimama kabla ya siku ile.

Mpira_Mpya aliandika:

Nawashukuru. Naona kwamba nimekuwa nikiichanganya Durban na mechi za mtoano kwa miaka mingi, kwa sababu tu iliuma vilevile. Mlinda_Wiketi, kama tatizo ni ova za mwanzo, na Klaasen ameshastaafu mechi za kimataifa tangu Juni 2025, nani atasimama katikati wiketi tatu zikianguka mapema?

Mlinda_Wiketi alijibu:

Ningemweka Matthew Breetzke nambari nne. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya ova 50, Februari 2025 mjini Lahore dhidi ya New Zealand, alipata mikimbio 150, na hakuna mchezaji aliyewahi kupata zaidi katika mechi ya kwanza. Alianza taratibu, akauacha mpira mpya ufanye kazi yake, kisha akaongeza kasi. Dewald Brevis ana mkono mkali zaidi, kama Waaustralia walivyoona alipopata 125 bila kutolewa kule Darwin Agosti 2025, lakini hizo zilikuwa ova 20, na mimi singemtuma uwanjani katika ova ya sita timu ikiwa na mikimbio 20 kwa wiketi tatu. Yeye aje katika ova ya 35. Na wakishinda kura ya shilingi asubuhi yenye mawingu, tafadhali, warushe kwanza.

Ova_ya_Mwisho alijibu:

Hapo kwenye shilingi tunakubaliana, isipokuwa ukumbuke kwamba mwaka 1992 walishinda kura, wakarusha kwanza, na mvua ikawakuta wakiwa wanafukuzia.