Miwani ya kusomea kwa fundi cherehani: nambari huchaguliwa kwa umri au kwa kazi?

Fundi_Kondele aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Swali linatoka kwenye karakana ya sare za shule hapa Kondele, Kisumu. Mafundi wanne kati ya sita wamevuka miaka 42 na shida yao ni moja: kutia uzi kwenye sindano mpaka kichwa kirudi nyuma kama mtu anayekwepa moshi, na ikifika saa kumi na mbili jioni uzi wa bluu juu ya kitambaa cha bluu hauonekani. Mbali wanaona sawasawa. Wachuuzi wa miwani hupita na nambari kuanzia +1.00 hadi +3.50, na ushauri wao ni "jaribu mpaka herufi ziwe kubwa".

Wanaojua watufafanulie. Nambari huchaguliwa kwa umri au kwa kazi? Miwani moja inaweza kutosha sindano na meza ya kukatia? Na yale maneno kwamba ukianza kuvaa mapema macho yanalemaa, yana ukweli?

Lenzi_Kakamega alijibu:

Nianze na la mwisho, maana ndilo linalochelewesha watu. Hayalemai. Nyuma ya mboni kuna lenzi laini ambayo msuli huifanya inenepe ukitazama karibu. Lenzi hiyo hukakamaa polepole tangu utotoni, na ukivuka miaka 40 hainenepi tena vya kutosha. Itakakamaa ukivaa, itakakamaa usipovaa. Nambari hupanda kidogo kila baada ya miaka miwili mitatu, kisha hutulia ukikaribia 60, na lawama zote huangukia miwani. Karoti nazo hazilainishi lenzi. Zinamfaa asiyeona usiku kwa kukosa vitamini A, na huo ni mjadala mwingine.

Sasa nambari. Umri hutoa makisio tu: +1.00 kwa mwenye arobaini na kitu, +1.50 karibu na 48, +2.00 kwa hamsini na ushee, +2.50 kwa 60. Kinachoamua ni umbali wa kazi, na nyinyi tepu mnayo shingoni tayari.

Fundi akae wima kwenye cherehani, mwenzake apime kutoka kwenye jicho hadi kwenye sindano. Mara nyingi ni sentimita 40 hivi. Gawanya 100 kwa 40, unapata 2.5. Hiyo ndiyo nguvu, kwa dayopta (kipimo kile kile cha nambari za miwani), inayotakiwa ili sindano ionekane safi. Kisha asimame mita moja mbele ya kalenda ya ukutani, bila miwani, asogee taratibu akitazama maandishi madogo, na asimame pale yanapoanza kuingia ukungu. Pima jicho hadi kalenda. Tuseme ni sentimita 67: 100 kwa 67 ni 1.5. Hiyo ndiyo nguvu iliyobaki ndani ya jicho lake. Jicho haliwezi kushinda kutwa likitumia nguvu zote, hivyo mhesabie nusu tu, 0.75. Toa 0.75 kwenye 2.5, linabaki 1.75. Huyo ni wa +1.75.

Jibu la swali la pili limo humo humo. Akivaa +1.75, ataona safi kuanzia sentimita 31 hadi 57. Meza ya kukatia ikiwa sentimita 70 kutoka machoni, mstari wa chaki utakuwa na ukungu. Akivaa +1.25, ataona kuanzia 36 hadi 80, kwa hiyo sindano na meza zote zimo, ila kwenye sindano jicho linatumia karibu nguvu zote na jioni litauma. Kwa anayekata siku nzima na kushona kidogo, +1.25 yatosha. Kwa anayeshona tu, achukue +1.75. Kwa anayefanya yote mawili sawasawa, miwani miwili ya bei nafuu ni bora kuliko mmoja wa kubahatisha.

Ushauri wa "herufi ziwe kubwa" ndio unaoharibu. Lenzi ya +3.00 hukuza, ndiyo, lakini kitu chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 33 kinaingia ukungu. Fundi atainama kuifuata sindano, na shingo itashtaki kabla ya macho.

Fremu_Nakuru alijibu:

Hesabu ni hiyo. Mimi naongeza namna ya kuikagua miwani ya mchuuzi kabla ya kutoa pesa, kwa sababu nambari iliyobandikwa na nambari iliyo kwenye lenzi wakati mwingine ni ndugu wa mbali.

Ingia chumba chenye giza kidogo chenye dirisha moja. Simama upande wa ukuta ulio mbali na dirisha, shika karatasi nyeupe, weka lenzi moja kati ya karatasi na dirisha. Isogeze mbele na nyuma mpaka picha ya miti au mapaa ya nje itokee kwenye karatasi, imepinduka miguu juu. Picha ikikaza, pima kutoka lenzi hadi karatasi. Lenzi ya +2.00 hukaza picha kwenye sentimita 50, ya +2.50 kwenye 40, ya +1.00 kwenye mita nzima. Rudia kwa lenzi ya pili. Zikitofautiana sentimita nne tano, rudisha. Usijaribu na jua: utachoma karatasi na kuumiza macho.

Halafu shika miwani kwa mkono ulionyooka, tazama nondo ya dirisha kupitia lenzi, ichezeshe kushoto na kulia. Nondo itahama, hilo ni kawaida, lakini ibaki imenyooka. Ikijipinda kama nyoka, lenzi imemwagwa vibaya.

Kitu cha tatu watu hawakijui: kitovu cha lenzi. Umbali kati ya mboni mbili kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74, na ukitazama karibu hupungua milimita tatu hivi. Miwani ya mchuuzi ina umbali mmoja kwa wote. Mwenye mboni za milimita 58 akivaa lenzi ambazo vitovu vyake viko 66, macho yanalazimika kuvutwa ndani zaidi ya kawaida. Nambari ikiwa ndogo hatasikia kitu. Kwenye +2.50 kichwa kitamgonga kabla ya saa sita.

Kusafisha: maji kwanza, tone la sabuni ya maji, kisha kitambaa cha pamba laini. Kwenu ninyi vumbi la kitambaa limejaa kila mahali. Ukipangusa lenzi kavu na shati, vumbi lile ndilo linalochora. Na usiiache juu ya dashibodi ya gari. Joto hupasua ile ngozi ya juu ya lenzi.

Fundi_Kondele:

Asanteni sana. Tumepima. Watatu wametoka vizuri, mmoja wao kalenda iliingia ukungu kwenye sentimita 55. Wa nne ametutatiza: tulipomfunika jicho moja moja, la kulia ni sentimita 45, la kushoto 80. Yeye achukue ipi?

Lenzi_Kakamega:

Wa 55 ni +1.50. Wa nne asichukue yoyote ya barabarani.

Kliniki_ya_Jioni alijibu:

Nimuunge mkono Lenzi kuhusu huyo wa nne. Lenzi za macho mawili huzeeka pamoja. Zikipishana hivyo, ama jicho moja lina nambari yake tofauti ya kuona mbali, ama kuna ugonjwa. Jaribio dogo: toboa kadi ngumu kwa pini, tundu la milimita moja hivi, afunike jicho la kulia, atazame kalenda kwa la kushoto kupitia tundu. Maandishi yakitakata, ni shida ya nambari na miwani ya kupimwa itamaliza. Yasipotakata, aende hospitali wiki hii hii.

Kupimwa kwenyewe si mbali. Kisumu kuna kliniki ya macho katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, na Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia. Mkiwa huko ombeni vitu viwili zaidi ya nambari: presha ya macho na kutazamwa mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho. Presha ya macho haiumi, huanza kula pembeni mwa uoni, na sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema zaidi. Kinachokwenda hakirudi. Mkitiwa dawa ya kupanua mboni, maandishi yatafifia kwa saa kadhaa, kwa hiyo hakuna kushona siku hiyo wala kuendesha pikipiki.

Je, kuna mwenye kisukari kati yao? Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika nayo, na nambari ya Jumatatu haitakuwa ya mwezi ujao. Atulize sukari wiki kadhaa kwanza, ndipo apimwe. Na kwa wazee wenu: mtu wa miaka 65 aliyekuwa na miwani akaanza ghafla kusoma bila hiyo, watu humpongeza. Mara nyingi huo ni mtoto wa jicho unaoanza, na mbali kutakuwa kumefifia.

Taa_na_Uzi alijibu:

Kabla ya yote hayo, anzeni na taa. Jicho la miaka 50 linahitaji mwanga mwingi kuliko la miaka 20, na mwanga ukiwa mkali mboni hujibana, ukungu hupungua. Ndiyo sababu fundi husoma risiti nje mchana bila shida, ndani ikamshinda. Balbu ya darini iko mita mbili kutoka kwenye sindano. Ile ile ikiwa kwenye taa ya mkono, nusu mita kutoka sindanoni, inatoa mwanga mara kumi na sita. Iwe upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, na chini ya usawa wa macho, isimulike usoni.

Tajiri akiuliza kwa nini anunue miwani, mwonyeshe utafiti wa mwaka 2018 wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani ya kuona karibu waliongeza mavuno kuliko wenzao, tofauti ikiwa takriban asilimia 21.7. Kericho na Nandi wangeusoma pia.

Fundi_Kondele:

Taa mbili zimeshanunuliwa. Wa nne anaenda Sabatia Alhamisi; kwenye tundu la pini maandishi yalitakata.