Mrejesho: mwani uliogeuka mweupe kwenye tangi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kaulepa, ule mwani wa kijani kwenye tangi langu la matumbawe hapa Tanga, uligeuka mweupe usiku mmoja na maji yakawa kama tui. Aliyesema umezaa alilenga penyewe: kaulepa ikizaa humwaga kila kilichomo ndani, linabaki ganda tupu, na virutubisho ilivyovinyonya vinarudi majini. Nilitoa mabaki yote, nikabadilisha sehemu ya maji (nayachota Sahare bahari ikijaa), samaki wamepona.

Sasa nimeweka ketomorfa, mwani mwingine wa kijani, ule wa nyuzi ngumu zilizosokotana. Haina vituko hivyo. Taa yake naiwasha usiku, ya matumbawe ikizimwa, hivyo pH (kipimo cha uchachu wa maji) haishuki sana alfajiri. Ushauri wa kuwasha taa saa 24 ili kaulepa isizae sikuufuata. Luku ya nyumbani kwangu naijua mwenyewe.

Tatizo jipya ni kwamba naitrati, kirutubisho ambacho mwani hula, imeshuka mno, hadi ketomorfa yenyewe imeanza kupauka. Nimeongeza chakula cha samaki kidogo, naona rangi inarudi. Anayetaka kipande aje na ndoo, ila asije akakitupa baharini.