Tupeane uzoefu: kuokota matunda ya porini kwa ajili ya mvinyo wa nyumbani

Ndugu wanajukwaa, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wanaotengeneza mvinyo au pombe ya kuloweka kwa matunda ya porini. Nitaanza na masuku, kwa kuwa nimekulia Songea na nimeyaokota miomboni tangu utotoni.

Mwaka wa kwanza nilikosea kabla hata ya kugusa ndoo. Nilikuwa na haraka, nikapiga matawi kwa fito na kujaza gunia matunda ambayo ganda lake lilikuwa bado na ukijani, nikiamini kwamba yangeivia nyumbani. Kweli yalilainika baada ya siku chache, lakini mvinyo wake ulikuwa na ukakasi wa kukausha ulimi, na sukari niliyoongeza haikuuondoa. Bibi yangu, ambaye hajawahi kutengeneza mvinyo lakini anayajua masuku kuliko mimi, aliniambia kwamba suku tamu ni lile lililoachia tawi lenyewe. Tangu hapo, mvua za kwanza zinapokaribia, huenda alfajiri kuokota yaliyoanguka usiku kabla nyani hawajayafikia. Yaliyopasuka huyaacha, kwa sababu vinzi vidogo huwa vimeshatua na kuleta vijidudu vya siki.

Ganda huliondoa lote, kwani ndilo lenye ukakasi mwingi, kisha huponda nyama kwa mikono nikiacha mbegu nzima. Kilo 5 za nyama na mbegu hutiwa maji lita 8 yaliyochemshwa na kupoa, sukari kilo 2 na hamira, katika ndoo ya plastiki na si sufuria ya alumini, kwa kuwa tindikali ya matunda hula madini hayo. Baada ya siku 5 huchuja na kuhamishia kwenye dumu lenye mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke bila nyingine kuingia. Anayefunga dumu kabisa katika hatua hii ajue kwamba linaweza kupasuka. Mvinyo wangu hutulia na kung'aa baada ya miezi miwili hivi.

Naomba tusijadili kuukeneka uwe gongo, kwa sababu ni kosa kisheria na ni hatari kwa mnywaji.

Mchangiaji kutoka Muheza:

Ahsante, ndugu mleta mada. Kwa zambarau kanuni ya bibi yako haifai, kwa sababu tunda bivu likianguka hupasuka na kushika mchanga, na mchanga huo hautoki hata ulioshe mara tatu. Sisi hutandaza turubai chini ya mzambarau, kijana mmoja akapanda na kutikisa tawi taratibu, na tunayochukua ni yale meusi kabisa tu, yanayoachia kwa mtikiso mdogo. Mimi sitengenezi mvinyo. Huyaloweka mazima kwenye pombe kali ya dukani yenye kilevi cha asilimia 35, pamoja na sukari kiasi, ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na kuyaacha gizani kwa miezi mitatu. Rangi yake ya zambarau iliyokolea hunifurahisha kila mwaka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona.

Mchangiaji aliyeko Kent, Uingereza:

Dada wa Muheza, njia yako ndiyo wanayoitumia huku kwa matunda madogo meusi yenye vumbi la buluu, yaitwayo slo, yanayoota kwenye nyua za miti ya miiba kati ya mashamba. Sheria ya mwaka 1968 haimhesabu kuwa mwizi mtu anayechuma tunda lililojiotea porini, mradi si kwa biashara. Slo mbichi ina ukakasi kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja, hivyo wenyeji wengi husubiri baridi ya kwanza ya kugandisha ndipo wachume, kisha huyaloweka kwenye pombe kali iitwayo jin. Mimi huchuma mwezi Oktoba na kuyaweka kwenye friza kwa usiku mmoja, ganda likapasuka lenyewe bila kutoboa tunda moja moja kwa sindano. Ndugu wa Songea, je, umewahi kugandisha masuku kabla ya kuyaponda? Kama yanahimili, mtu angeweza kukusanya yale machache ya kila alfajiri hadi yafike kilo 5.