Nimealikwa kwenye nyumba ya bia huko Köln: nifuate desturi gani?

Binti_wa_Katuba:

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Mimi ni fundi wa umeme, na mwezi ujao ninapelekwa Ujerumani, katika jiji la Köln, kwa mafunzo ya wiki tatu. Mwalimu wetu wa huko, mama wa makamo ambaye tumekuwa tukiandikiana, ameahidi kutupeleka Jumamosi ya kwanza kwenye kile wanachokiita Brauhaus, yaani nyumba ambamo bia hupikwa na kunywewa humo humo. Amesisitiza kwamba si nyumba ya watalii. Ni ile ambayo yeye na majirani zake wamekuwa wakienda miaka yote.

Nimefurahi sana, kwa sababu marehemu nyanya yangu alikuwa akipika munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi, uani kwake Katuba, na sisi wajukuu ndio tuliotwanga mizizi na kukoroga uji wa mahindi. Watu walikaa kwenye viti vyake, wakanywa kwa vikombe vyake, na aliyeondoka bila kumuaga alikumbushwa safari nyingine. Tangu afariki sijaona tena mahali ambapo mpishi wa kinywaji na mnywaji wanatazamana usoni. Katika nganda zetu, yaani baa, bia ya Simba inafika kwa kasiye, kreti za chupa, na hakuna anayemjua aliyeipika.

Ninachoogopa ni kumwaibisha mwenyeji wangu. Mimi glasi mbili zinanitosha, na nimesikia kwamba kule wahudumu huleta bia bila kuagizwa. Nikatae namna gani bila kumuudhi mtu? Na pale mezani kunaliwa nini?

Mwanafunzi_wa_zamani:

Mdogo wangu, niliishi Köln miaka minne nikisoma, na uliyoyasikia ni kweli: usipoizuia, bia itaendelea kuja. Mhudumu anaitwa Köbes, jina ambalo katika lahaja ya jiji lile ni Yakobo. Huvaa nguo ya buluu na mkoba wa ngozi wa pesa kiunoni, na hubeba sinia ya mviringo yenye mpini katikati na matundu ambamo glasi husimama zimebanwa, ili asimwage hata akipenya katikati ya umati. Glasi yenyewe ni nyembamba, imenyooka kama kipande cha bomba, na inabeba sentilita 20 tu, hivi kwamba mtu wa kwetu akiiona mara ya kwanza hudhani ameletewa ya kuonja. Udogo huo una sababu: bia yao, Kölsch, ni nyepesi na povu lake hutoweka upesi, kwa hiyo wao huona afadhali kunywa kidogo kidogo ikiwa bado baridi kuliko kukaa na glasi kubwa inayochujuka.

Glasi yako ikikauka, Köbes huweka nyingine, kisha huchora mstari mmoja wa penseli kwenye kile kipande cha katoni kilicho chini ya glasi. Mistari hiyo ndiyo hesabu yako, kwa hiyo usikipoteze wala usikichane. Ukitosheka, kiweke juu ya glasi kama kifuniko. Hapo kila mtu ameelewa, na hakuna atakayeudhika hata kama umekunywa moja tu. Mimi jioni yangu ya kwanza sikulijua hilo. Nilimaliza kila glasi kwa heshima, kwa kuwa nyumbani nilifundishwa kwamba mgeni haachi alichoandaliwa, na nilipotazama katoni nikakuta mistari kumi na mmoja. Ndiyo maana nakuomba ulishike jambo hili kabla ya mengine yote.

Meza ni ndefu na hushirikiwa na watu wasiojuana. Ukiona nafasi, waulize walioketi kama iko wazi, nao watasogea. Ila mezani pakiwa na kibao kilichoandikwa Stammtisch, hiyo ni meza ya wateja wa kudumu ambao hukutana pale juma baada ya juma, na mgeni haketi hapo mpaka aalikwe. Mkigonganisha glasi, mtazame mwenzako machoni, ingawa sisi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kule kuangalia pembeni ndiko kunakoonekana kukosa adabu.

Usiumie pia Köbes akikujibu kwa ukali. Ndiyo desturi ya kazi yake, na wenyeji hupenda wajibiwe hivyo. Anayeagiza maji anaweza kuulizwa kama anataka na sabuni. Mjibu kwa tabasamu na maji utaletewa. Wakati wa kulipa uwe na pesa taslimu, na umtajie jumla unayotaka kutoa pamoja na nyongeza yake, badala ya kuacha sarafu mezani.

Mama_Bukari:

Dada, mimi nitasema juu ya chakula tu. Kwenye orodha utaona Halve Hahn, maneno yanayomaanisha nusu ya jogoo, lakini hakuna kuku hapo: ni mkate mdogo wa rai, nafaka inayofanana na ngano, pamoja na kipande kinene cha jibini, haradali na kitunguu. Himmel un Ääd, yaani mbingu na ardhi, ni tufaha kwa niaba ya mbingu na viazi vilivyopondwa kwa niaba ya ardhi, na juu yake huwekwa soseji ya damu iliyokaangwa. Kama kanisa lako linakataza damu, mwambie mwenyeji mapema. Mett ni nyama ya nguruwe iliyosagwa na kuliwa mbichi. Wao wana utaratibu wao wa kuiweka salama, ila mimi sikuigusa.

Mpishi_wa_kimea:

Dada, kwa kuwa umemtaja nyanya yako, naomba niongeze jambo, maana nimefanya kazi ya kupika bia kwa muda mrefu. Si kila nyumba ya bia ya Köln bado inapikia ndani. Früh, iliyo karibu na kanisa kuu na iliyoanzishwa mwaka 1904, siku hizi bia yake hupikwa nje ya katikati ya jiji. Päffgen, ya mwaka 1883, katika barabara ya Friesenstraße, bado inapikia nyumbani kwake. Ukipata siku ya mapumziko, panda treni hadi Düsseldorf, kilomita zipatazo 40, uone Uerige ya mwaka 1862, ambako hupikwa Altbier yenye rangi ya shaba. Tafadhali usiagize Kölsch huko, kwa sababu miji hiyo miwili hushindana na kila mmoja huionea fahari bia yake.

Tena ujue kwamba aliyokuwa akifanya nyanya yako ni kazi ile ile. Wanga wa nafaka hauchachuki mpaka ugeuzwe kuwa sukari. Wajerumani huloweka shayiri, huiacha iote, kisha huikausha iwe kimea, na ndani ya kimea ndimo kilimo kimeng'enya kinachouvunja wanga. Kwetu kimeng'enya hicho kimo katika mzizi wa munkoyo. Ndiyo maana uji mzito mliokuwa mkiukoroga ulilegea na kuwa mtamu baada ya mzizi kutiwa. Kisha chachu hufanya kazi yake, kule na huku.

Ukiingia nyumba kongwe, tafuta pia kijumba cha mbao chenye vioo, karibu na mahali pipa linapofunguliwa. Wanakiita kiti cha maungamo, na humo mwenye nyumba aliketi akitazama kila glasi inayotoka.

Binti_wa_Katuba:

Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimemwandikia mwalimu, naye amenijibu kwamba ni ile ile ya Friesenstraße. Nyanya naye alikuwa na kigoda chake mlangoni mwa jiko, mahali ambapo aliweza kuuona uani wote. Nina picha yake akiwa amekikalia, chungu kikiwa kando yake; nitaibeba niwaonyeshe.