Jaji akipendwa na watu ndo jaji mzuri? Tumjadili Landis wa Chicago

Wakuu salama? Kuna hoja naisikia kila kesi kubwa ikitajwa, eti jaji mzuri ni yule asiyeogopa matajiri, anashusha rungu mpaka wakubwa wanatetemeka. Mimi nabisha, na mfano wangu ni Kenesaw Mountain Landis, jaji wa shirikisho kule Marekani aliyeteuliwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1905. Hilo jina ni la mlima, baba yake alikuwa daktari wa jeshi akaumizwa mguu kwenye vita ya hapo Kennesaw, mtoto akabebeshwa.

Mwaka 1907 wakaletwa kwake Standard Oil ya Indiana, kampuni ya kina Rockefeller, kosa lao kusafirisha mafuta kwa reli kwa nauli ya chini kuliko iliyotangazwa. Landis akahesabu mabehewa moja moja, yakafika 1,462, kila behewa akalipiga faini ya juu kabisa dola 20,000, jumla dola 29,240,000! Watu wakamshangilia kweli kweli. Mwaka uliofuata rufaa ikafuta yote, kesi ikarudiwa, kampuni ikashinda, haikulipa hata senti. Sasa mwananchi alipata nini hapo zaidi ya kufurahi siku moja?

Linaloniuma zaidi ni la 1918. Wanachama wa IWW, chama cha wafanyakazi, karibu mia moja wamesomewa kesi moja kwa pamoja mbele ya Landis kwa sababu ya kupinga vita, juri ikakaa chini ya saa moja ikawatia hatiani wote, kiongozi wao Haywood na wenzake kadhaa wakala miaka 20. Chini ya saa moja kwa watu mia, gawanya mwenyewe uone kila mtu alipewa sekunde ngapi.

Halafu Victor Berger na wasoshalisti wenzake wanne. Hawa waliomba jaji mwingine, wakaapa kwamba Landis alishasema Wamarekani wenye asili ya Ujerumani mioyo yao inanuka usaliti. Akagoma kujitoa, akawapa miaka 20 kila mmoja. Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta hukumu 1921, ikasema alitakiwa akae pembeni.

Najua mtaniambia alisafisha baseball. Sawa, alipewa ukamishna wa mchezo huo, yaani msimamizi mkuu, Novemba 1920, akawafungia maisha wachezaji wanane wa White Sox, timu ya Chicago, walioshtakiwa kuuza mechi, ingawa mahakama iliwaachia. Ila alishika kazi zote mbili, jaji na kamishna, mpaka 1922, na miaka yake yote 24 mpaka anafariki 1944 hakuna mchezaji mweusi aliyecheza ligi kuu, Jackie Robinson, mweusi aliyekuja kuvunja huo mwiko, kasaini Oktoba 1945. Wanaomtetea wanasema wenye timu ndo waligoma. Mbona matajiri wa mafuta hakuwaogopa, hawa wa timu akawaogopea nini?

2020 jina lake likaondolewa kwenye tuzo ya mchezaji bora. Mimi naona ni haki kabisa. Anayebisha aje na hoja yake, tuijadili hapa.