Wenye majengo, acheni kusingizia wapangaji: mmefunga hendeli za chumbani kwenye milango ya umma

Wakuu, salaam. Mods, uzi huu msiuhamishie jukwaa la mapambo ya nyumba. Hapa hatuongelei mapambo.

Majengo ya biashara mjini yamejaa milango ambayo hendeli imelala kama sikio la mbwa mgonjwa, mingine imebaki na tundu tu, na ule wa choo cha wanaume unavutwa kwa waya wa kufungia nondo. Ukiuliza, meneja wa jengo ana jibu moja: watu wetu hawana ustaarabu. Uongo mtupu. Hendeli ile iliharibika siku ilipoandikwa kwenye BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi) "kitasa kamili, pisi 64", basi. Aina ya chuma hakuna, vipimo hakuna, daraja la matumizi hakuna. Anayetumwa dukani anarudi na kinachong'aa kwa bei chee.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Ghorofa ina watu 150, kila mmoja anakwenda maliwato mara 3 kwa siku, kuingia na kutoka. Mlango mmoja, mara 900 kwa siku, mara 19,800 kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Kiwango cha Ulaya cha hendeli, EN 1906, kina madaraja mawili ya uimara: la 6 hujaribiwa kwa kubonyezwa mara 100,000, la 7 mara 200,000. Yaani hata hendeli ya daraja la juu inafikisha idadi yake ya maabara ndani ya miezi kumi na ushee. Haina maana itakufa siku hiyo. Lakini hiyo ya kwenu isiyo na daraja lolote, iliyotengenezewa chumba cha kulala, mliitegemea ifike wapi?

Ndiyo maana mlango mkuu wa maliwato haufai kuwekwa hendeli ya kubonyeza, wala kitasa chenye ulimi. Weka sahani ya chuma upande wa kusukuma, mshikio wa kuvuta upande wa pili, na mashine ya kujifunga juu ya mlango. Hapo hakuna springi ya kuchoka. (Kama ni mlango wa kuzuia moto, fuata cheti chake, usiondoe kitu.) Na mshikio wa kuvuta ukae upande wa kuvuta tu! Mnafunga mishikio pande zote mbili, kisha mnabandika karatasi ya SUKUMA. Mkono ukiona mshikio unavuta, hausomi karatasi. Mlango unagonga fremu, bolti zinalegea, mnasema watu hawajui kusoma.

Sasa milango ya ofisi na korido, ambako hendeli ya kubonyeza inahitajika. Chagua ile ambayo ncha yake imekunjwa kurudi kwenye mlango. Ncha iliyo wazi inanasa mfuko wa kanzu, mtandio, kamba ya mkoba. Mtu anaendelea kutembea na uzito wake wote unaangukia shingo ya hendeli. Ikiwa shingo hiyo ni ya aloi ya zinki iliyopakwa kromu, inakatika papo hapo. Tazama pale ilipokatikia: kijivu, chembechembe kama sukari. Huo ndio mnaouita "stainless".

Hapa wauzaji wana mchezo wao wa sumaku. Anakubandikia sumaku, hainati, anakwambia "umeona mkuu, stainless orijino". Sumaku inakamata chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, basi. Zinki haivutwi na sumaku, shaba haivutwi, na chuma cha pua (stainless) cha aina ya 201 kwa kawaida hakivutwi, sawa na kile bora cha 304. Tofauti ni kwamba 201 wamepunguza nikeli wakaweka manganizi, na kwa hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja madoa ya kahawia yanaanza mapema. Hata uzito unadanganya: hendeli ya zinki iliyojaa inaweza kuwa nzito kuliko ya bomba la 304 lililo wazi ndani. Jengo la karibu na bahari linataka 316, ambayo ina molibdeni asilimia 2 hadi 3 ya kupambana na chumvi. Dai karatasi ya mtengenezaji inayotaja aina ya chuma na daraja la kustahimili kutu la kiwango cha Ulaya EN 1670: la 4 ni saa 240 kwenye ukungu wa chumvi, la 3 ni saa 96 tu. Akikosa karatasi, nunua ukijua unabahatisha.

Vipimo. Kabla ya kununua pisi 64, pima manne: unene wa mlango, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la hendeli, umbali kutoka katikati ya hendeli hadi katikati ya silinda ya ufunguo, na upana wa kile chuma cha pembe nne kinachopita ndani ya kitasa (mara nyingi milimita 8). Kuna vitasa vya milimita 72 kati ya hendeli na silinda, kuna vya 85, na havibadilishani. Ndiyo sababu ya milango iliyotobolewa mara tatu na kuzibwa kwa mbao na puti.

Ufungaji ndio unaniudhi kuliko yote. Fundi anapigilia kisahani (kile cha nyuma ya hendeli) kwa skrubu fupi za mbao kwenye mlango ambao ndani ni maboksi. Zitashika nini? Hendeli ya mlango wa umma hufungwa kwa bolti zinazopenya mlango na kukutana na kisahani cha upande wa pili, zikikatwa kulingana na unene wa mlango. Kile chuma cha pembe nne nacho kiingie vya kutosha kwenye hendeli zote mbili. Kikiwa kifupi kinakula pembe zake na hendeli inazunguka bure. Springi za visahani vingine zina kulia na kushoto, ukizigeuza zinakatika. Skrubu ndogo ya shingoni ikazwe kwa ufunguo wa L, pamoja na tone la gundi ya nyuzi za bolti, ile ya bluu inayofunguka. Msitumie nyekundu, mtakuja kuomba gesi ya kuchomelea.

Halafu hendeli zinafungwa kabla fundi vigae hajasafisha sakafu kwa asidi. Mvuke wa asidi ya chumvi unatosha kutia kutu hendeli mpya ambayo hakuna aliyeigusa. Zifungwe mwisho, baada ya sakafu kuoshwa. Baada ya hapo anakuja mfanya usafi na jiki kila asubuhi, na steliwuli. Klorini inatoboa chuma cha pua, steliwuli inaacha chembe za chuma zinazopata kutu. Sabuni ya maji, maji safi, kitambaa laini kufuata mistari ya chuma, kisha kausha. Hiyo tu.

Matengenezo ni dakika tano kwa mlango, kila mwezi kwenye milango yenye watu wengi, kila miezi mitatu kwingine: kaza skrubu ya shingo, kaza bolti za kisahani, bonyeza uone kama hendeli inarudi mlalo yenyewe, angalia kama ulimi unaingia kwenye fremu bila kusukumwa kwa bega. Usipoingia, rekebisha bawaba kwanza. Hendeli haina kosa. Silinda inataka unga wa grafiti. Mafuta ya kula na grisi vinakamata vumbi mpaka ufunguo unakatikia ndani.

Mlango wa dharura wenye mnyororo na kufuli sitaujadili kwa upole. Ukumbi wa Iroquois, Chicago, Desemba 30, 1903: watu 602 walikufa, na kati ya sababu ni milango iliyofungwa kwa makomeo wasiyoweza kuyafungua. Moto ule ulichochea kuenea kwa upau wa mlango wa dharura, ule wa kusukuma kwa kifua. Ninyi mnaununua, mnaufunga, kisha mnapitisha mnyororo juu yake!

Swali kwa wanaojua maduka: nani anauza springi za visahani na zile skrubu ndogo peke yake? Kila duka linataka ununue seti nzima kwa sababu ya springi moja. Mwenye duka lenye vipuri aweke aina na bei hapa chini.