Tupeane uzoefu: maegesho ya kando ya barabara na unywaji wa pombe hadharani hapa Mombasa

Mwalimu mstaafu, Tudor

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote.

Nimeanzisha mazungumzo haya kwa sababu mambo mawili ambayo kwa desturi huzungumzwa mbalimbali, mahali pa kuegesha gari na mahali pa kunywea pombe, katika mitaa yetu yamekuwa jambo moja. Mchana ukingo wa barabara ni maegesho yanayolipiwa. Jua likishatua, nafasi zile zile hugeuka baraza la ulevi, milango ya magari ikiwa wazi, muziki ukivuma, chupa zikiwa zimepangwa juu ya boneti, na mwenda kwa miguu akilazimika kushuka barabarani ili apite. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomfika mwenyewe, aseme alichukua hatua gani, na hatua hiyo ilimfikisha wapi.

Nianze na langu. Mwaka jana nilimpeleka mke wangu kwa daktari wa macho karibu na Barabara ya Digo. Nililipa ada ya siku kwa simu kabla sijazima gari, nikapata ujumbe wa kuthibitisha malipo, tukaenda zetu. Tuliporudi baada ya saa mbili tulikuta gurudumu la mbele limefungwa chuma. Kijana aliyekuwa zamu hakunifokea wala hakuniomba chochote. Alinionyesha simu yake, na kweli namba ya gari langu haikuwamo. Tulipousoma ujumbe wangu pamoja tuligundua kwamba nilikuwa nimeandika herufi B mahali pa D, yaani nilikuwa nimemlipia mtu nisiyemjua maegesho ya kutwa nzima. Mke wangu, ambaye macho yake yalikuwa yametiwa dawa na hawezi kuvumilia mwanga, alikaa juani muda mrefu mpaka nilipolipa ada ya kufunguliwa. Niliandika barua ya kueleza kosa lile na kuambatisha risiti zote mbili, na mpaka leo ofisi iliyohusika haijanijibu. Tangu siku hiyo huisoma namba ya gari kwa sauti, herufi kwa herufi, kabla ya kubonyeza, na huzihifadhi jumbe zote za malipo.

Jambo ambalo ningependa tulitie maanani tunapoeleza visa vyetu ni hili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia trafiki na maegesho, na katika jedwali hilo hilo imezipa kazi ya kutoa leseni za vileo na ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Kwa hiyo anayeturuhusu kuegesha ndiye anayempa mwenye baa leseni. Hata hivyo, katika miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kumsikia mtu akimwuliza mwombaji wa leseni: wateja wako watasimamisha magari yao wapi?

Dereva wa tuktuk, Kongowea

Shikamoo mwalimu. Swali lako la mwisho ndilo linalonisumbua kila jioni.

Mimi hulipa ada kwa mwezi, na stika nimeibandika kwenye kioo. Steji yetu iko mbele ya majengo ambayo zamani yalikuwa maduka ya nguo, na sasa mawili kati yao ni mabaa. Ifikapo saa moja usiku magari ya wateja huingia ndani ya steji, nasi hulazimika kupakia abiria tukiwa tumesimama upande wa pili au katikati ya njia, mahali ambapo tukikamatwa kosa ni letu. Nimewahi kukamatwa hivyo, nami sikumlaumu sana aliyenikamata, maana yeye alikuta tuktuk imesimama pasipofaa na hakuwa amefika kuona ni nani aliyeifukuza pale inapofaa. Mbali na hayo, nimebadilisha tairi mara nyingi kwa sababu ya vipande vya chupa vinavyoachwa kwenye lami.

Tulichofanya ni kupiga picha za steji usiku kwa siku saba mfululizo, saa ile ile, tukahakikisha kwamba kibao cha steji kinaonekana katika kila picha, kisha tukazipeleka kupitia mwenyekiti wetu. Walikuja wakapaka rangi mpya ya mistari, na kwa muda wa miezi kama miwili hali ilikuwa nzuri. Rangi imeanza kufutika, na magari yamerudi.

Mama wa watoto watatu, Majengo

Ahsante mwalimu kwa kutufungulia mlango huu, na pole kwa yaliyomfika mama.

Mimi sina gari. Kero yangu ni njia ambayo watoto wangu huipita kwenda chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, alasiri. Katika njia hiyo kuna duka la vileo ambalo kwa mujibu wa leseni yake huuza chupa zilizofungwa za kuchukua, na mteja hapaswi kunywea pale. Mwenye duka hulitii sharti hilo kwa namna yake: mteja hanywi ndani ya duka, hunywa hatua tano nje ya mlango, akiwa ameketi ndani ya gari lililoegeshwa, au juu ya ukuta wa mfereji. Binti yangu wa miaka tisa aliniuliza kwa nini kila siku lazima washuke barabarani kumpisha mtu aliyelala, nami sikuwa na jibu.

Nilikwenda kuuliza, na nitaeleza nilichojifunza kwa sababu wengi wetu hatukijui. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, inataka mahali pa kuuzia pombe pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka kwenye shule ya chekechea, ya msingi, ya upili au taasisi nyingine ya mafunzo ya watoto walio chini ya miaka 18. Wengi husoma sehemu ya shule wakaishia hapo. Mimi nilishikilia yale maneno ya mwisho, kwa maana chuo cha Qur'ani chenye watoto zaidi ya mia moja, kinachofunzwa kila siku na walimu wanaojulikana, ni taasisi ya mafunzo ya watoto hata kama hakina bendera wala kengele. Jambo la pili ni kwamba maombi ya leseni hutangazwa, na mkaazi ana haki ya kuwasilisha pingamizi kabla leseni haijatolewa. Miaka yote tulikuwa tukilalamika barazani baada ya leseni kutoka, wakati mlango umekwisha kufungwa.

Tulipima kwa hatua, kisha tukapima tena kwa kamba ya fundi, kutoka mlango wa chuo hadi mlango wa duka, tukapata mita 180. Barua tumeipeleka ikiwa na saini za wazazi 41, na tumegongewa muhuri kwenye nakala yetu. Huo muhuri nausisitiza, kwa sababu barua ya kwanza, ambayo haikugongwa, ilipotea, na hatukuwa na lolote la kuonyesha kwamba iliwahi kuandikwa.

Mwenye baa, Bamburi

Nilisita kuandika hapa, kwa kuwa najua wengi wenu hamtamani kunisikia. Lakini mmetaka uzoefu, na wangu ni wa upande wa pili wa kaunta.

Leseni yangu inataja jengo, na saa zangu ni zile za sheria: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na siku za mwisho wa wiki na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Kijia cha wapita njia kilichoko nje hakimo ndani ya leseni hiyo. Hata hivyo, kwa miaka mitatu nilitoa viti vya plastiki nje kila jioni, kwa sababu joto la ndani lilikuwa haliwezekani, na kwa sababu jirani zangu wote walifanya hivyo. Nilipoamriwa kuviondoa nilikasirika na nikahisi nimeonewa. Ilinichukua muda kukubali kwamba niliyekuwa nimempora ni mama mwenye kigari cha mtoto, maana kijia kile kilikuwa chake kabla hakijawa cha viti vyangu.

Kuhusu magari, mwalimu amesema kweli. Waliokuja kukagua walitazama vyoo, njia ya dharura na umbali wa shule, na hakuna aliyeniuliza habari ya maegesho. Mimi mwenyewe nilikuja kulifikiria baada ya gari la mteja kugongwa usiku likiwa limeachwa nusu juu ya lami. Nilikodi uwanja wa jirani, nikaweka taa na mlinzi mmoja, na nikawaambia wahudumu wasimpe mteja chupa iliyofunguliwa akatoke nayo nje. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Wapo waliohama kwenda kule wanakoruhusiwa kunywea garini, na kodi ya uwanja hulipwa hata mwezi ambao biashara imelala. Hili ndilo linalonikera: ninayefuata kanuni nabeba gharama, na asiyefuata anaitumia barabara ya umma bure kama ukumbi wake. Maegesho yakifanywa kuwa sharti la leseni, sote tutabeba mzigo sawa, nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Mzee wa Likoni

Naomba tusiwasahau wanywaji wa mnazi. Wazee wetu wa Kidigo na Wamijikenda wenzao wamekunywa mnazi chini ya mwembe tangu hapo, wameketi, wanazungumza, na hapakuwa na gari la kuzuia njia. Mangwe ya siku hizi, yaani mahali pa kuuzia na kunywea mnazi, imesukumwa mpaka kando ya barabara ya lami kwa sababu mashamba yamekwisha, na kila msako unapopita wanywaji hutawanyika, kisha hukusanyika mtaa wa pili, pengine karibu zaidi na nyumba za watu. Kwetu tulifaulu kiasi pale mzee wa mtaa alipokaa na wauzaji wakakubaliana juu ya uwanja mmoja ulio mbali na njia ya watoto, na saa ya kufunga. Naamini kuwaonyesha watu pa kukaa kunasaidia zaidi kuliko kuwafukuza usiku kucha.

Mkaazi wa Mji wa Kale

Kwetu hakuna baa mtaani, kwa hiyo nitazungumzia magari peke yake.

Njia zetu zilipimwa kwa upana wa mtu na mzigo wake, na gari dogo likiegeshwa upande mmoja tu, njia imekwisha. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, bibi yangu alipatwa na shida ya kupumua. Gari la wagonjwa lilifika upesi, nashukuru, lakini halikuweza kupita kwa sababu magari mawili yalikuwa yameegeshwa yakielekeana, na wenyewe hawakujulikana walipo. Vijana walimtoa bibi juu ya kiti cha mbao, wakambeba vichochoroni hadi Ndia Kuu, huku mmoja akimshikia mtungi wa oksijeni ulioletwa mbio na wahudumu. Alipona, alhamdulillahi, akaishi nasi miaka miwili zaidi. Kile kiti tumekiweka mpaka leo.

Baada ya hapo tulikutana msikitini tukakubaliana kwamba upande wa kushoto wa njia usiegeshwe kabisa, usiku wala mchana. Tulipaka rangi ya njano kwa mikono yetu, kazi ya Jumapili moja. Kisha tukaelezwa kwamba rangi yetu haina nguvu ya kisheria, kwa kuwa alama ya barabarani huwekwa na mamlaka inayosimamia barabara, na mgeni aliyeegesha juu yake hawezi kuadhibiwa. Tukaomba kibao rasmi. Kilichukua miezi kumi na moja kuja. Sasa kipo, na tofauti ni kubwa, hasa kwa wageni wanaokuja kutembelea Fort Jesus na kutafuta pa kuacha magari yao. Kwa wenyeji wenyewe, nasema kwa masikitiko, bado huwa nabisha hodi kwa watu usiku ili waondoe magari.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Marahaba mwanangu wa tuktuk, na ahsanteni nyote. Bwana wa Bamburi, umefanya vyema kuandika, usisite tena.

Kila mwaka kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, ambayo ndani yake hupangwa ada za maegesho na za leseni, na Katiba, katika Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Mimi nimehudhuria vikao hivyo mara mbili. Watu huzungumzia kiwango cha ada peke yake, iwe juu au chini, kisha kikao kikafungwa. Nakusudia mara hii niende na maandishi, nipendekeze kwamba mwombaji wa leseni ya baa aonyeshe kwa mchoro mahali pa maegesho ya wateja wake, na kwamba ukingo wa barabara ulio mbele ya baa uwekewe kibao kinachosema wazi saa za kuegesha. Picha za siku saba za Kongowea ningependa kuziambatisha, ikiwa mwenyekiti wenu ataridhia. Mama wa Majengo, je, waweza kutuwekea maneno ya barua yenu, ili wenye shida kama hiyo wasianze na karatasi tupu?

Mama wa watoto watatu, Majengo

Bila shaka, mwalimu. Tuliandika hivi, na kila mtu abadilishe kulingana na mtaa wake:

"Sisi wazazi na wakaazi tuliotia saini hapa chini tunawasilisha pingamizi dhidi ya kutolewa upya kwa leseni ya duka la vileo lililotajwa. Mlango wa duka hilo uko mita 180 kutoka mlango wa chuo cha watoto, kwa kipimo tulichochukua mbele ya mzee wa mtaa, na mchoro wa kipimo umeambatishwa. Wateja hunywea nje, ndani ya magari yaliyoegeshwa kando ya barabara, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wakati ambao watoto huenda na kurudi. Tunaomba wakaguzi wafike katika saa hizo, si asubuhi, na tunaomba tujulishwe siku ya ukaguzi ili wawili kati yetu wawepo."

Sentensi ya mwisho iliongezwa na mume wangu. Tumepigiwa simu juzi, wanakuja Alhamisi.